Divai Mezani Siku ya Krismasi

Maneno meza, kopo, pipa na mvinyo yaliingia katika Kiswahili kwa mlango mmoja. Yote manne asili yake ni Kireno, lugha ya watu walioanza kujenga Fort Jesus mjini Mombasa mwaka wa 1593 na kupokonywa na Waomani mwaka wa 1698. Anayeyapanga pamoja atadhani wageni hao walishuka merikebuni wakiwa wamejibebea karamu nzima: pa kuandalia, pa kuhifadhia, cha kunywea na chenyewe kinachonywewa. Neno divai lina njia yake, na aghalabu huhusishwa na Kifaransa. Tangu hapo maneno hayo mawili yameishi kama wake wenza. Zipo kamusi zinazoyachukulia kuwa visawe. Zipo zinazoupa mvinyo maana ya kileo kikali na kuiachia divai maji ya zabibu yaliyochacha. Waliotafsiri Biblia ya Union walitumia divai katika arusi ya Kana, na huenda hilo ndilo lililoipa divai heshima ya kanisani huku mvinyo ukibaki baani. Humu divai ndilo neno litakalotumika.

Mjadala huu si wa darasani pekee. Humfika yeyote anayetumwa dukani mwezi wa Desemba, naye akasimama mbele ya rafu yenye chupa mia moja zisizosema Kiswahili hata neno moja.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili mjini Nakuru alitumwa hivyo. Ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto watano, na kwao ni viungani mwa Nyahururu, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako Krismasi huwa na jua kali adhuhuri na baridi shadidi punde jua linapotua. Ndugu hao waligawana majukumu kwa simu. Huyu alitwaa mbuzi, yule mchele na unga, mwingine sufuria na viti vya kukodi. Wifi yake, mzaliwa wa Kilifi, alisema wazi kwamba pilau na kuku wa kupaka havitaguswa na mkono wa mtu wa bara. Kwa mwalimu kukaachwa "ya kunywa". Soda hazikuwa na utata. Ila kitinda mimba, ambaye ni mhudumu katika hoteli moja jijini Nairobi, aliongeza kwa sauti ya anayetania: "Na mwaka huu tuwe na divai ya maana, dada. Si ile ya kunywa mtu amefumba macho."

Ombi lilikuwa jepesi, ila nyumba haikuwa nyepesi. Meza ile haikuwahi kuwekwa chupa ya divai. Mama ni mmoja wa nguzo za kanisa linalofundisha kwamba kileo ni kileo, kiwe kwenye kibuyu au kwenye bilauri. Baba hanywi tena, ingawa katika ujana wake alikuwa na sifa ya kupika muratina iliyowaridhisha wazee wa ridhaa kadhaa. Naye mdogo wake anayemfuata, ambaye zamani ndiye aliyekuwa mcheshi wa kila sherehe, alikuwa ametimiza miaka mitatu na miezi minne bila kuonja tone. Hesabu hiyo ya miezi ni yake mwenyewe. Hakuna aliyemwomba aiweke, na hakuna asiyeijua.

Muratina yafaa ielezwe, maana bila hiyo Baba hawezi kueleweka. Tunda la mwegea hukaushwa, nyuzi zake zikabeba hamira, kisha likatiwa katika asali na maji au maji ya miwa na kuachwa mahali penye vuguvugu hadi lichache. Kwa Wagikuyu kilikuwa kinywaji cha wazee, cha mahari na cha tambiko. Kijana aliweza kukipika, kukibeba na kukimimina, lakini si kukinywa. Ndipo kwa Baba pombe ya heshima ikawa ile yenye mwenyewe, mahali pake na wakati wake. Enzi ya ukoloni Mwafrika alikatazwa kisheria kunywa pombe kali ya Mzungu, na baada ya uhuru pombe za kienyeji nazo zikaandamwa na marufuku na misako. Kizazi cha Baba kilishuhudia cha jirani kikikatazwa kwa kuwa ni cha jirani na cha nyumbani kikikatazwa kwa kuwa ni cha nyumbani. Si ajabu kwamba mzee huyu huitazama chupa ya dukani jinsi mtu anavyomtazama mgeni asiyejitambulisha.

Basi mwalimu alienda dukani na daftari.

Nyingi kati ya chupa alizozikuta zilitoka Afrika Kusini, na si kwa bahati. Katika rasi ile Jan van Riebeeck aliandika tarehe 2 Februari 1659 kwamba zabibu za Cape zimekamuliwa divai kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1688 wakaanza kufika kwa wingi Wahugenoti kutoka Ufaransa, baadhi yao wakiwa na ujuzi wa mizabibu, wakaongeza maarifa. Mwaka wa 1925 profesa aitwaye Abraham Perold alipandisha mzabibu wa Pinot Noir na ule wa Cinsaut, ambao wakati huo huko ukiitwa Hermitage, akapata zabibu mpya. Jina lake likawa Pinotage. Mwanafunzi yeyote wa mofolojia ataona hapo uhulutishaji ule ule uliotupa chajio kutokana na chakula na jioni: sehemu ya neno moja, sehemu ya jingine, na mtoto asiyefanana sawasawa na mzazi yeyote.

Zipo habari ambazo lebo hazielezi. Kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba hayo ya mizabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, desturi iliyoitwa dop. Sheria iliikataza, lakini kovu lake halijafutika: jimbo la Western Cape limerekodi viwango vya juu mno duniani vya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe iliyonywewa na mama zao. Mwalimu alilijua hilo. Alitafuta kwanza kitu cha karibu zaidi. Dodoma, nchini Tanzania, huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa pale hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu na mkulima ndiye anayeupangia saa kwa kisu cha kupogolea. Hapa Kenya nako mizabibu ilipandwa karibu na Naivasha, na divai yake ikauzwa kwa jina la Leleshwa, kichaka kile chenye harufu kinachoota Bonde la Ufa. Siku hiyo hakuona chupa ya Dodoma wala ya Naivasha. Akabaki na Cape, na neno dop akaliandika pembeni mwa ukurasa, bila maelezo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Hawakuwahi kuona lebo zenye dhahabu, ngome na simba. Lebo ya mbele hutembeza, lebo ya nyuma ndiyo husema: aina ya zabibu, eneo, mwaka wa mavuno na asilimia ya alkoholi. Mwaka wa mavuno una maana isiyodhaniwa na wengi. Divai nyingi za bei ya wastani hutengenezwa ili zinywewe zikiwa changa, ndani ya miaka michache, na kuziweka kabatini miaka kumi ni kuzipa uzee bila hekima. Kifuniko cha kusokota nacho si dalili ya unyonge. Watengenezaji wengi wazuri wamekichagua kwa kuwa kizibo cha gome la mti huweza kuitia divai harufu ya uvundo, kama ya kitambaa kilichofungiwa kikiwa kibichi. Tena kifuniko hicho hakihitaji kizibuo, na kizibuo ndicho chombo ambacho nyumba nyingi hugundua haina wakati wageni wamekwisha kuketi.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuionja divai. Dai hili hutolewa kwa urahisi mno, aghalabu na watu ambao hawajapata kuumega mdomoni ndizi mbichi. Ile hali ya ulimi kukazana na ufizi kukauka ina jina, nalo ni ukakasi. Ndiyo hali hiyo hiyo inayoletwa na divai nyekundu, kwa sababu maganda na kokwa za zabibu zina tanini kama ilivyo kwenye ndizi mbichi na kwenye chai iliyochemshwa kupita kiasi. Divai nyeupe hukamuliwa na kutenganishwa na maganda mapema, ndiyo maana ukakasi wake ni haba. Uchachu ni neno la pili: ule unaoyafanya mate yatiririke pembeni mwa ulimi, kama mtu aliyeonja ukwaju au ndimu. Utamu ni utamu. Machicha yanayotuama chini ya chupa ni mashapo, neno ambalo mgema wa Pwani hulijua bila kufundishwa. Kinachokosekana labda ni kisawe cha lile neno la Kiingereza linaloipa divai mwili. Mwalimu aliandika uzito, kwa kufikiria tofauti iliyopo mdomoni baina ya maji, maziwa na uji. Na ile divai isiyo na sukari iliyobaki, ambayo Wazungu huiita kavu? Kavu kwa kitu chenye maji ni tafsiri sisisi inayochekesha. Isiyo tamu yatosha.

Kwa maneno hayo manne au matano mtu anaweza kupanga mlo mzima.

Chukua nyama ya mbuzi iliyochomwa. Ina mafuta, chumvi na moshi. Protini na mafuta hushikana na ukakasi wa divai nyekundu na kuulainisha, nayo chumvi huusaidia. Divai ambayo peke yake ingekaza taya huwa laini mbele ya ubavu wa mbuzi. Kwa hiyo Pinotage, ambayo mara nyingi huwa na harufu ya moshi na matunda meusi, au Shiraz, au Cabernet Sauvignon. Hapo kanuni na meza ya Kenya hazina ugomvi wowote.

Ugomvi huanza kwenye kachumbari. Nyanya na ndimu zina uchachu mwingi, na divai yenye uchachu mdogo kuliko chakula hugeuka mdomoni kuwa maji ya rangi. Vitabu vingi vya divai viliandikwa na watu wasioijua kachumbari, wala hawakufikiri kwamba ingeliwa kwenye sahani moja na nyama choma. Dawa ni divai nyeupe yenye uchachu wa wazi, mathalani Sauvignon Blanc, na anayeng'ang'ania nyekundu apunguze kachumbari sahanini. Pilipili nayo ina yake. Alkoholi huuchochea moto wake na ukakasi huukoleza, hali utamu kidogo huutuliza. Anayekunywa divai nzito ya asilimia 14.5 juu ya pilipili mbuzi amechagua kuungua mara mbili.

Pilau ilimpa mwalimu kazi kubwa zaidi. Iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba ni manukato kabla ya kuwa ladha, na divai yenye ukakasi huyaponda. Alichagua Chenin Blanc yenye utamu wa mbali. Zabibu hiyo ina historia ndefu huko Cape, ambako iliitwa Steen, na ina sifa ya kubeba uchachu na utamu kwa wakati mmoja bila kimoja kukimeza kingine. Chupa hiyo hiyo ingetosha kwa kuku wa kupaka, kwa kuwa tui hupenda divai yenye uzito kiasi na isiyo na ukakasi. Chapati haina neno. Chapati hupatana na watu wote.

Kisha keki. Kanuni hapa haina huruma: divai ikiwa na utamu mdogo kuliko keki, huwa chungu. Kwa hiyo akatia kikapuni chupa moja ya divai nyekundu tamu, ya bei nafuu, ya aina ile ambayo wajuzi huicheka na wageni huimaliza. Kuicheka ni ulimbukeni. Ulimi uliolelewa kwa soda na chai ya maziwa haufiki kwenye Cabernet siku ya kwanza, na hakuna sheria inayoulazimu ufike.

Hesabu ilikuwa fupi. Chupa ya mililita 750 hutoa bilauri tano za mililita 150. Wanywaji aliowahesabu walikuwa saba, na chupa tano zingewatosha bilauri tatu kila mmoja kwa mchana mzima, huku zikibaki nne. Alisita hapo. Divai yenye asilimia 13.5 ina takriban mililita 101 za alkoholi safi katika chupa moja, sawa na karibu bia tano za nusu lita zenye asilimia 4.2. Wapo Wakenya wanaohesabu bia zao kwa makini lakini huichukulia divai kuwa sharubati ya wakubwa. Akarudisha chupa moja rafuni. Zikabaki nne: Pinotage, Sauvignon Blanc, Chenin Blanc na ile tamu.

Kabla ya kulipa alitoka nje na kumpigia simu mdogo wake. Huko ndiko kulikokuwa na uamuzi wenyewe. Hayo mengine yalikuwa maarifa tu.

"Nimetumwa divai," alimwambia. "Ukisema isije, haitakuja, na hakuna atakayejua ni kwa nini."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kiasi cha kumfanya aangalie kama simu ingali hewani.

"Watajua, dada," alijibu hatimaye. "Wataniangalia usoni halafu watakunywa soda kwa heshima yangu. Afadhali chupa. Chupa najua namna ya kukaa nayo. Kinachonishinda ni kuangaliwa."

"Basi nikuletee nini wewe? Ipo divai iliyotolewa alkoholi."

"Hiyo hapana. Ile huwa na harufu yake na bilauri yake, kila kitu isipokuwa chenyewe. Ni kama kumwonyesha mtu picha ya mke aliyeachana naye. Niletee kitu kisichojifanya kingine." Kisha, baada ya kusita: "Na keki, nani anaoka?"

"Shangazi."

"Muulize kama ametia brandi. Na mchuzi, wifi asimimine divai akidhani moto utaimaliza. Moto hauimalizi yote."

Alikuwa sahihi. Imani kwamba alkoholi hupeperuka yote chakula kinapochemka ni ya jikoni, si ya maabara. Hata baada ya kutokota kwa saa nzima sehemu yake hubaki chunguni. Mwalimu alimpigia shangazi, ambaye matunda yake makavu yalikuwa yamelowekwa kwenye brandi tangu Novemba, na ikakubaliwa kwamba keki zitakuwa mbili. Tena alimpigia wifi. Huyu alicheka, akauliza ni lini Mgiriama alitia divai kwenye kuku wa kupaka, akasema ataleta ukwaju kutoka kwao. Sharubati ya ukwaju yenye tangawizi ina uchachu wa kuikabili kachumbari, ukakasi kidogo wa kuikabili nyama, na utamu wa kuikabili pilipili. Kwa vipimo vile vile vya daftari, ilikuwa na haki ya kuketi na chakula chote kuliko chupa yoyote kati ya zile nne. Haikujifanya kingine.

Nyahururu, divai ilipata nyumba nzuri. Vitabu husema divai nyekundu inywewe katika joto la chumba, na ni haki kuuliza: chumba cha nani? Usemi huo ulizaliwa katika nyumba za Ulaya za zamani, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18 za selsiasi. Chumba cha Mombasa mwezi wa Desemba huweza kufikia nyuzi 30, na divai nyekundu ikinywewa hivyo hunusa alkoholi kabla ya kunusa zabibu. Nusu saa ndani ya friji huiokoa. Ghala la viazi la nyumba hii halikuhitaji friji kwa nyekundu. Zile nyeupe mbili zilitiwa katika beseni la maji ya kisima na vipande vya barafu, hadi zikafika baridi ya kutia ukungu kwenye chupa.

Mpangilio wa kumimina ulizua mjadala, na aliyeuanzisha ni Mama. Alikuwa amesema neno moja tu tangu chupa zilipotolewa kikapuni, nalo lilikuwa "haya". Lakini alipomwona binti yake akitanguliza Sauvignon Blanc, aliuliza kwa nini asianze na ile tamu inayopendwa, ilhali hata mkuu wa meza kule Kana alishangaa kuona divai njema imewekwa mwisho. Mwalimu alieleza kwamba nyepesi hutangulia nzito na isiyo tamu hutangulia tamu, kwa maana ulimi uliokwisha kuonja utamu huiona isiyo tamu kuwa siki. Mama alilitafakari hilo. "Kwa hiyo huyo mkuu wa meza alikuwa akisema habari ya watu kulewa, si habari ya ladha," alisema, na kurudi jikoni. Ni ufafanuzi ambao wahubiri wengi hawajaufikia.

Meza yenyewe haikutii daftari kikamilifu. Kitinda mimba alikunywa Pinotage na pilau, akasema ni tamu, na hakuna aliyemzuia. Chenin Blanc ilimkumbusha wifi mnazi uliogemwa asubuhi, kabla haujachacha, ambao ladha yake hudumu saa chache tu. Sauvignon Blanc na kachumbari vilipatana kuliko ilivyotarajiwa. Ile chupa tamu iliisha ya kwanza, kabla ya keki kukatwa, na hilo halikumshangaza mtu yeyote isipokuwa aliyepanga mpangilio.

Baba alikaa na kikombe chake cha chai hadi nyama ilipoletwa mara ya pili. Ndipo akanyosha mkono kuelekea Pinotage.

"Mama," alimwambia binti yake, kwa kuwa ana jina la mama yake mzazi na hajawahi kumwita vinginevyo, "nipe kidogo nijue ni nini."

Alimimina kidogo mno. Mzee aliinusa kwanza, kwa muda, jinsi alivyokuwa akinusa muratina kabla ya kuwapelekea wazee, na akaichukua mdomoni bila kuimeza mara moja.

"Ina ukakasi."

"Ndiyo, Baba. Ni maganda."

"Yetu ilikuwa na ukali wa asali. Hii imekaushwa." Alikata kipande cha ubavu, akatafuna, akaonja tena, na nyusi zikapanda. "Ah. Kumbe ilikuwa ikingoja nyama." Kisha akairudisha bilauri mezani, ikiwa na zaidi ya nusu ya kile kidogo alichotiliwa. "Aliyeipika ni nani?"

Swali hilo halikuwa daftarini. Lebo ilikuwa na jina la shamba, la kampuni na la mji. Mwalimu alisema ni watu wa Cape, wengi, na kwamba zamani baadhi yao walilipwa kwa hiyo hiyo. Baba aliuliza kama walilipwa baada ya kazi au kabla. Alipoambiwa kwamba wengine walipewa mara kadhaa kwa siku, kazini, alitikisa kichwa na kuusukuma mkono wa bilauri mbali naye kidogo, si kwa hasira. Akarejea kwenye chai.

Upande wa pili wa meza mdogo wake alikuwa akinywa ukwaju katika bilauri ile ile waliyokuwa wakinywea wengine. Hilo nalo lilikuwa limepangwa: bilauri za aina moja kwa wote, zote kutoka katika kisanduku kimoja cha kukodi. Alikula keki ya pili, ile isiyo na brandi, baada ya kuinusa bila kuficha. Alisimulia kisa cha fundi wa matatu kilichowavunja mbavu hata wajomba. Mama alionja ukwaju wake, akaomba wa kwake, kisha watoto wakautaka, na kufikia saa kumi wifi alikuwa jikoni akikamua mwingine.

Jioni baridi iliposhuka ilibaki Pinotage, theluthi moja hivi. Hapo ndipo mwalimu alipoona hakufikiria jambo hilo: chupa iliyofunguliwa ingelala wapi, katika nyumba ambamo mdogo wake angekaa siku nne zaidi? Alipogeuka kuichukua hakuikuta. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuifunga kwa kile kifuniko cha kusokota, akaitia ndani ya kikapu cha dada yake, chini ya mtandio, ikiwa imesimama wima.

"Hii ni ya Nakuru," alisema. "Kesho uondoke nayo."

Divai nyekundu iliyofunguliwa hudumu siku tatu hadi tano ikifungwa vyema na kuwekwa penye baridi. Baada ya hapo hewa huigeuza kuwa siki. Mwalimu aliimaliza jioni ya tarehe 27, kwa nyama ya mbuzi aliyoipasha moto. Ukakasi ulikuwa umepungua, na harufu ya moshi imezidi. Aliyaandika yote mawili, na chini yake akaongeza swali la Baba, pamoja na alama ya kuulizia.